Taa ya maji kwenye dizeli: huduma niliyoipata kwa fundi umeme wa Morogoro

Huduma ninayoieleza ni ya fundi umeme wa magari mwenye karakana ndogo mjini Morogoro, aliyenitengenezea pikapu ya dizeli ninayobebea mboga kutoka Mgeta. Taa ya tahadhari ya maji kwenye dizeli ilikuwa ikiwaka gari linaposhuka milimani kwenye mawe na mashimo, kisha inazimika yenyewe nikishafika kwenye lami. Gereji niliyoanzia iliniambia, bila hata kufungua boneti, kwamba sensa, yaani kifaa kinachogundua maji, imekufa na kwamba ninunue filta nzima pamoja na sensa yake. Bei waliyonitajia ndiyo iliyonifanya nitafute mtu wa pili.

Taa hiyo si ya kupuuzwa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutuama chini ya filta, na sensa iliyofungwa hapo hutoa taarifa yanapofikia kimo fulani. Yakiachwa yapite hadi kwenye pampu ya presha na nozeli, huleta kutu na kuharibu ulainishaji ambao vyuma hivyo huupata kutoka kwenye dizeli yenyewe, na mwenye gari aliyewahi kuulizia bei ya nozeli za injini za kisasa anajua hasara yake. Nilitaka basi kazi ianze kwa kuthibitisha kama maji yapo, na fundi alianzia hapohapo. Alilegeza kizibo cha chini ya filta, akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake, akakinga dizeli kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Chupa ilisimamishwa kando mpaka dizeli ikatulia. Chini yake hapakuwa na tabaka lolote la maji, ila chembe chache nyeusi.

Mashine ya kusoma hitilafu ilionyesha msimbo P2264. Hapa ndipo tofauti ya mafundi inapoonekana, kwa sababu P2269 ndiyo inayosema kwamba maji yamegunduliwa, ilhali P2264 inalalamikia njia ya umeme ya sensa, na njia hiyo ina sensa yenyewe, soketi, nyaya na kompyuta ya gari. Anayeisoma P2264 kisha akakuuzia sensa moja kwa moja anabahatisha kwa fedha yako.

Sensa ya gari langu ni ya boya lenye sumaku: boya huzama kwenye dizeli lakini huelea juu ya maji, na likipanda huifunga swichi iliyo ndani. Fundi aliifungua, akaifuta, akagusisha mita ya umeme kwenye pini zake na kuipindua juu chini. Mita ikalia, ishara kwamba swichi imefunga; alipoirudisha, ikanyamaza. Alirudia mpaka nikaridhika. Magari mengine yana sensa ya ncha mbili za chuma, inayotegemea kwamba maji hupitisha umeme na dizeli haipitishi, na kwa aina hiyo kupindua hakusaidii kitu.

“Bosi, sensa ni nzima. Tutafute waya,” alisema, akachomoa betri na kuanza kupima nyaya kutoka kwenye soketi huku akizitikisa kipande kwa kipande. Kipimo kiliruka pale nyaya zinapopita kwenye kishikizo cha chuma kando ya chesisi. Alipobandua utepe, tuliona ganda la waya mmoja limelika kwa kusuguana na chuma, na shaba ya ndani imegeuka unga wa kijani, zikiwa zimebaki nyuzi chache tu zilizoshikana. Hakuzisokota na kuzifunga utepe, kama ilivyo mazoea kwenye gereji nyingi za barabarani. Alikata mpaka akafikia shaba inayong'aa, akaunga kwa risasi, akavika kibomba cha plastiki kinachojibana kikipata joto, kisha akazihamisha nyaya mbali na ukingo wa kile chuma. Baada ya hapo alipampu kwa mkono mpaka pampu ikawa ngumu, ili kuondoa hewa, akafuta hitilafu na kunitaka niendeshe kwenye barabara mbovu mashine ikiwa bado imechomekwa.

Malipo yalikuwa madogo kuliko bei ya filta niliyotajiwa mwanzoni, na kwa upimaji ule ningelipa zaidi bila kinyongo. Lawama yangu ni kwamba alirudisha mpira uleule wa zamani kwenye shingo ya sensa, na asubuhi yake nikakuta dizeli inavuja kidogo. Alibadilisha mpira huo bila malipo, lakini ni kitu cha bei ndogo ambacho kilipaswa kuwekwa kipya tangu awali, na risiti pia sikuipata mpaka nilipoidai. Taa haijawaka tena, hata katika mvua za masika. Filta naikagua mwenyewe kwa chupa kila ninapolazimika kununua dizeli ya madumu huko milimani.