Tyrrell P34: Magurudumu 6 Juu ya Meza Yangu

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena mezani. Kabla sijasema lolote, tazameni hapa mbele ya gari mhesabu nami. Mawili upande huu, mawili upande ule, na nyuma mawili makubwa. Jumla 6. Gari hili lilikuwepo kweli, lilikimbia Formula 1, na lilishinda.

Hii ni modeli ya Tyrrell P34 kutoka Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli, skeli ya 1 kwa 20 (yaani gari halisi ni kubwa mara 20), toleo la mashindano ya Japani ya 1976. Nimeijenga kwa wiki tatu, jioni baada ya kazi, na nina mengi ya kuwaambia.

Tuanze na swali ambalo kila anayeingia chumbani kwangu huniuliza: kwa nini 6? Miaka ile timu nyingi za Uingereza zilitumia injini ileile, Cosworth DFV ya V8, yaani ya silinda 8. Sasa kama injini ni moja, mwenzako utampita kwa lipi? Derek Gardner, mhandisi wa Tyrrell, akayatazama matairi ya mbele. Kanuni zilikataza pua ya gari kuzidi upana wa sentimita 150, na matairi ya kawaida yalichomoza juu ya pua hiyo yakapigwa na upepo. Gardner akayapunguza, ringi ya inchi 10 badala ya 13, yakajificha nyuma ya pua. Lakini tairi dogo hugusa barabara kidogo, kwa hiyo akaweka mawili kila upande. Akapata mguso zaidi kwenye kona, na breki 4 za mbele.

Nachukua rula. Pua ya modeli: sentimita 7 na nusu. Zidisha kwa 20, unapata 150 ileile ya kanuni. Na ringi hii ya mbele, milimita kama 13, ni kifungo cha shati. Mimi nilikuwa nimesoma habari za gari hili miaka mingi, lakini wazo la Gardner nililielewa siku niliposhika pua na ringi kwa mkono mmoja nikaona moja inavyojificha nyuma ya nyingine. Hiyo ndiyo sababu ninawashauri mjenge magari ya ajabu kabla ya magari maarufu. Gari la kawaida unaunganisha tu. La ajabu linakulazimisha uulize kila kipande kimewekwa pale kwa nini.

Sasa kazi yenyewe. Pagumu ni hapa, jozi mbili za mbele. Magurudumu yote 6 lazima yaguse meza kwa pamoja. Mimi nilikausha jozi ya kwanza peke yake, nilipoweka ya pili tairi moja likabaki hewani, unene wa kadi ya simu. Nikabandua nikaanza upya. Nyinyi fanyeni hivi: tafuteni kipande cha kioo bapa, wekeni chasisi juu yake, gundi kidogo sana kwenye mikono ya springi, kisha magurudumu yote kwa mara moja, mkibonyeza taratibu. Acheni usiku mzima. Msiguse.

Injini inapendeza hata bila kuongezwa kitu, na inabaki wazi nyuma ya dereva, kila mtu ataiona. Mimi nimeongeza nyaya za plagi, 8, kila silinda na wake. Nimezitoa ndani ya waya wa chaja iliyokufa. Rangi ni bluu. Pulizeni tabaka nyembamba nyingi, si moja nene, na kama hewa ina unyevu subirini siku kavu. Mvua inatia ukungu kwenye rangi ya kupuliza.

Stika za maji ndizo zimenipendeza kuliko yote. Unachagua dereva: namba 3 ya Jody Scheckter au namba 4 ya Patrick Depailler. Na tazameni maandishi haya ubavuni. Kule Fuji, kwenye mashindano yale ya Japani, timu iliandika jina la Tyrrell kwa hiragana, herufi za Kijapani. Mimi nimechagua Depailler, kwa sababu siku ile, katika mvua kubwa, alimaliza wa pili.

Ushindi wenyewe ulikuja mapema mwaka huohuo, Anderstorp, Sweden: Scheckter wa kwanza, Depailler wa pili. Hakuna gari jingine la magurudumu 6 lililowahi kushinda Formula 1. Mwaka 1977 mambo yakageuka. Matairi yale madogo yalitengenezwa kwa ajili ya timu moja tu, na watengenezaji wake, Goodyear, hawakuyaendeleza kwa kasi ya matairi ya wengine. Wazo lilikuwa zuri, likakosa tairi. Inaniuma mpaka leo.

Je, mnunue? Kama hujawahi kujenga modeli, anza na gari la barabarani lenye vipande vichache, urudi hapa baadaye. Kama umeshajenga mbili tatu, nunua bila kusita. Ipo pia ya 1 kwa 12, kubwa na nzuri, lakini inataka nafasi na fedha nyingi. Kwa meza ya nyumbani hii inatosha kabisa.

Inayofuata ni Brabham BT46B ya 1978, ile yenye feni kubwa nyuma, iliyoshinda Anderstorp hiyohiyo na Niki Lauda usukanini, kisha haikushindana tena.

Lakini kabla hatujaachana, nazima taa ya juu, nawasha ya pembeni. Mnaliona hili dirisha dogo ubavuni mwa dereva? Liliwekwa ili akiwa ndani ayaone matairi yake ya mbele. Nasogeza kamera hapa, usawa wa macho yake. Haya, tazameni.