Kioo cha spektra cha mistari 100: kizuri, ila kwa madoa ya nyota sahau

Wadau wa darubini wa huku Nyanda za Juu, hiki kioo nimekitumia kiangazi chote hiki kwa hiyo naongea nilichokiona. Ni kioo kidogo cha duara, kina mistari 100 kila milimita, unakikaza mbele ya kamera kwenye darubini (yangu ya kipenyo cha milimita 150) mwanga wa nyota unatandazika unakuwa utepe wa rangi. Niliagiza Dar kikaja na basi, laki nne na ushee, hakina mkwaruzo hata mmoja.

Kwa nyota nyeupe aisee kinapiga kazi, Vega na Sirius mistari myeusi ya haidrojeni kwenye huo utepe unaiona fasta.

Shida ni muuzaji, alinihakikishia kinatosha kufuatilia nyota zenye fujo usoni, yaani madoa meusi na milipuko. Mi nilikuwa naitaka AR Lacertae, hizi ni nyota mbili zinazungukana kila siku 1.98 na zinapatwa, zote zina madoa na fujo kama Jua letu ila kali zaidi, na utamu wake ni kwamba moja ikipita mbele ya mwenzake inamfunika uso kidogo kidogo, sa ukichukua spektra mfululizo unajua fujo iko upande gani. Alama za hiyo fujo ziko kwenye mistari ya kalsiamu nanomita 393.4 na 396.8 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga), na ya haidrojeni 656.3, na zikizunguka mistari inasogea kama robo ya nanomita tu. Robo! Hiki kioo hakifiki huko hata kwa dawa, unapata utepe uliofifia basi. Hiyo kazi inataka spektrografu yenyewe (chombo kamili cha kutandaza mwanga), yenye mwanya mwembamba na mistari elfu na zaidi kila milimita.

Halafu AR Lacertae iko kaskazini, kwetu Mbeya inapanda nyuzi 35 hivi tu, kwa hiyo napanda Kawetire, milimani nje ya mji, taa za mji zibaki mgongoni, na baridi ya kule kukaza hizo skrubu ndogo ni mateso.

Mwalimu wa fizikia au anayeanza, nunua. Kama unataka tu kuona nyota inapatwa usitoe hela, nyota ya Algol kila siku 2.87 mwanga unashuka hadi kubaki karibu theluthi unaona kwa macho, ila jioni inaonekana vizuri Desemba na Desemba ya Mbeya mnaijua, mvua.

Natoa 3 kati ya 5, moja nimekata kwa maneno ya muuzaji.