Fedha za uokozi: jina la uwanja au tangazo la gari?

Mwaka 2008 benki ya Citigroup ilipokea dola bilioni 45 za serikali ya Marekani ili isianguke, huku ikiwa na mkataba wa takriban dola milioni 400 kwa miaka 20 ili uwanja wa besiboli wa New York Mets uitwe Citi Field. Wabunge walikuja juu, na hasira yao ilikuwa na msingi: jina ukutani halimpi mtu sababu ya kufungua akaunti, na ni vigumu kuhesabu limeleta wateja wangapi. Ila mkataba ulifungwa 2006, kabla ya msukosuko wa fedha. Benki ikaendelea nao.

Chrysler, kampuni ya magari iliyookolewa pia na serikali, ni habari nyingine. Ilipokuwa ikielekea kufilisika 2009, wanunuzi waliogopa kukosa vipuri na dhamana, hadi serikali yenyewe ikajitolea kuzidhamini dhamana hizo. Hapo kukaa kimya ni hasara: kiwanda kina gharama hata kisipozalisha, na gari likilala kwa muuzaji hadi toleo jipya litoke, bei inashuka. Februari 2011 Chrysler ikarusha tangazo la dakika mbili kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, mwanamuziki Eminem akiendesha Chrysler 200 mitaani Detroit. Hata nafasi ya sekunde 30 iligharimu karibu dola milioni 3.

Kwangu, la gari linatetewa, mradi hesabu itangulie. Tuseme kampeni ni dola milioni 9 na kila gari linaacha faida ya dola 2,000: lazima yauzwe magari 4,500 ya ziada, si yale ambayo yangeuzika hata bila tangazo.