Bàu Trúc: Kijiji ambako mfinyanzi ndiye anayekizunguka chungu

Nilikwenda Bàu Trúc, kijiji cha wafinyanzi nchini Vietnam, mara mbili ndani ya siku mbili, na kama ningeandika tathmini hii baada ya safari ya kwanza, ingekuwa fupi na yenye manung'uniko. Siku ile ya kwanza nilikwenda kwa gari la kampuni moja ya utalii pamoja na wageni wengine saba. Tulipewa dakika 40, na nusu ya muda huo ikaishia ndani ya duka la vinyago na taa za udongo. Mama mmoja alitufinyangia kijungu haraka haraka, tukapiga picha, tukarudishwa garini. Usiku ule nikiwa hotelini Phan Rang niliona nimefikishwa mlangoni pa nyumba ya watu na kuondolewa kabla ya kukaribishwa. Kesho yake nilichukua pikipiki ya abiria, mwanafunzi mmoja wa chuo anayejua Kicham, lugha ya wanakijiji, na Kiingereza akakubali kunifuata kama mkalimani, nikakaa kijijini tangu saa moja asubuhi hadi alasiri. Siku hiyo ya pili ndiyo ninayoitolea ushuhuda hapa.

Bàu Trúc ipo kilomita 10 hivi kusini mwa mji wa Phan Rang, karibu kabisa na Barabara Kuu Namba 1, katika uliokuwa mkoa wa Ninh Thuận, ambao tangu Julai 2025 umeunganishwa na mkoa wa Khánh Hòa. Anayetoka Jiji la Hồ Chí Minh anaweza kupanda treni na kushuka stesheni ya Tháp Chàm, kama nilivyofanya mimi. Ni upande mkavu sana wa Vietnam: badala ya yale mashamba ya kijani yaliyojaa maji tunayoyaona katika picha, utakuta mizabibu, mashamba ya chumvi, kondoo, na upepo usiopumzika. Wenyeji wa kijiji ni Wacham, wazao wa ufalme wa zamani wa Champa, na lugha yao ni ndugu wa Kimalay na Kimalagasi, jambo lililonifanya nijisikie sipo mbali sana na Bahari ya Hindi ninayoijua. Kwao ukoo hufuata upande wa mama. Ufinyanzi nao hufuata njia hiyo hiyo, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, ingawa wanasimulia kwamba aliyewafundisha wanawake kazi hii hapo kale ni Po Klong Chanh na mkewe, na hadi leo wanamtukuza kama mwasisi wao wakati wa sikukuu ya Kate.

Mimi nimekulia Kyela, kando ya Ziwa Nyasa nchini Tanzania, na tangu utotoni nimewaona akina mama wa Kikisi wakishusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi ya Ikombe ili kuviuza katika soko la Lyulilo, pale Matema. Kwa hiyo sikwenda Bàu Trúc kama mtu asiyejua udongo. Nilikwenda nikijua kwamba ziko sehemu nyingine Vietnam, kama Bát Tràng karibu na Hanoi, ambako vyombo hupakwa rangi ing'aayo na kuchomwa katika matanuri makubwa, na watalii wengi huenda huko. Nilichagua kijiji hiki kwa sababu nilisoma kwamba hapa hakuna gurudumu la kufinyangia, hakuna tanuri, wala hakuna rangi ya kung'arisha. Nilitaka kuona kama wanachofanya kinafanana na cha kwetu.

Mama niliyekaa naye ana umri wa kuweza kunizaa, na alianza kwa kuniwekea kiti kidogo kivulini kabla ya kuuliza nimetoka wapi. Udongo wake ulichimbwa katika shamba lililo kando ya Mto Quao, ukakaushwa, ukavunjwavunjwa, ukalowekwa usiku kucha shimoni, kisha ukachanganywa na mchanga laini wa mto huo huo. Kiasi cha mchanga hubadilika kulingana na chombo kinachotengenezwa, na hakipimwi kwa kibaba wala kwa mizani: aliumega, akausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akaongeza konzi moja, akasugua tena, akaridhika. Alinipa nami nikasugua. Ulikuwa laini kama unga wa maandazi uliokandwa vizuri, lakini ndani yake nilihisi punje ndogo ndogo zikikwaruza ngozi, na punje hizo, alivyonieleza, ndizo zinazokizuia chungu kisipasuke motoni.

Kilichofuata ndicho kiini cha safari nzima. Alichukua mtungi mkubwa, akaupindua ukawa kama meza ya kimo cha nyonga, akaweka bonge la udongo juu yake, akalitoboa katikati kwa ngumi, halafu akaanza kutembea. Alikizunguka chombo kwa kurudi kinyumenyume, hatua fupi fupi, miguu mitupu, mkono mmoja ndani na mwingine nje ya udongo, na kila alipomaliza mzunguko ukuta wa chungu ulikuwa umepanda na kupungua unene. Akaongeza mkufu wa udongo juu, akaushikiza, akazunguka tena. Kisha akachukua pete ya mwanzi akaparuza nje ili kuondoa mabonde, na mwisho akafunga kitambaa kibichi mkononi, akashika mdomo wa chungu na kuzunguka kwa kasi zaidi hadi mdomo ukawa duara safi. Nilihesabu mizunguko hadi 60 nikaacha. Wenyeji wana msemo unaosema kwamba kazi hii hufinyangwa kwa mikono na kuzungushwa kwa makalio, na mama aliusema huku akicheka, lakini mimi niliyekuwa nikitazama mgongo wake uliokunjwa nilielewa kwamba msemo huo unataja kazi nzito ya mwili mzima. Kwenye sakafu ya udongo pale anapofanyia kazi pana njia ya duara iliyochimbika kidogo na kulainika kwa nyayo zake. Nilikaa nikiitazama njia ile hata baada ya yeye kwenda kunywa maji.

Katika dakika 40 za siku ya kwanza njia hiyo sikuiona, kwa sababu onyesho la wageni hufanyika mbele ya duka, juu ya sakafu ya vigae. Siwalaumu wanakijiji. Mtu anayeletewa mabasi hupanga kazi kulingana na muda wa mabasi. Ninawalaumu wanaopanga safari hizo, wanaouza kwa bei kubwa kitu ambacho hawakipi nafasi ya kuonekana.

Nyumba ya jirani walikuwa wakichoma, na moto ulikuwa umeshawashwa nilipofika. Vyungu vilikuwa vimepangwa uwanjani juu ya kuni, vikazungushiwa kuni nyingine na kufunikwa na nyasi kavu za mpunga, bila ukuta wowote wa kuzuia upepo. Uchomaji huu huchukua saa 7 hadi 8, na joto hufika takriban nyuzi 800. Vijana walikuwa wakiongeza nyasi upande ambao moto ulikonda, na nilipouliza wanajuaje kama vimeiva, walinionyesha rangi: chungu kilichokuwa cheusi kwa masizi kilikuwa kikirudi taratibu kuwa chekundu. Vilipotolewa vikiwa bado vya moto sana, vichache vya mapambo vilinyunyiziwa maji ya matunda ya mwituni, na pale kila tone lilipoangukia likabaki doa la kahawia au jeusi. Ndiyo maana huwezi kupata vyombo viwili vinavyofanana. Kimoja kilikuwa na rangi ya machungwa yaliyoiva upande mmoja na kijivu cha majivu upande wa pili, na hakuna mkono wa mtu uliopanga iwe hivyo.

Tarehe 29 Novemba 2022, katika kikao kilichofanyika Rabat, Moroko, UNESCO iliuingiza ufinyanzi wa Wacham katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Neno "haraka" nililielewa vizuri zaidi nilipokuwa kijijini. Miji inapanuka na udongo mzuri unazidi kuwa mgumu kupatikana, na mabinti wengi hawavutiwi tena na kazi inayochosha kiuno huku ikilipa kidogo. Mama mwenyeji wangu ana mabinti wawili. Mmoja anafanya kazi kiwandani, na mwingine anafinyanga siku anazopata nafasi. Alilisema hilo bila kulalamika, nami sikuona sababu ya kumdadisi zaidi.

Kuhusu ununuzi, ushauri wangu ni kuviangalia kwanza vyombo vya matumizi, halafu ndipo uende kwenye mapambo. Maduka yamejaa sanamu na minara midogo ya Kicham, na baadhi ya vitu nilivyoviona vilikuwa na mshono wa kalibu ya kumiminia udongo, jambo ambalo muuzaji mmoja hakulisema mpaka nilipomwonyesha mshono wenyewe. Anayetaka kazi ya mkono apitishe kidole ndani ya chombo: utahisi mawimbi madogo ya vidole vya aliyekifinyanga. Mimi nilinunua vyungu viwili vya kupikia, na kitu kimoja ambacho sikukitarajia kabisa. Phan Rang wana kitafunwa kinachoitwa bánh căn, uji mzito wa mchele unaomiminwa katika visahani vidogo vya udongo vyenye vifuniko, juu ya jiko la mkaa, na kuliwa asubuhi na jioni kando ya barabara. Mtu wa pwani yetu akivionja atasema ni vitumbua visivyo na sukari. Visahani hivyo hufinyangwa hapa Bàu Trúc, nikachukua sita.

Sikudaiwa kiingilio chochote. Nilimlipa mkalimani kwa siku nzima, na nilimlipa mama kwa muda wake, jambo ambalo halikuombwa lakini naona ni haki kwa mtu uliyemkalisha na maswali asubuhi nzima. Nenda mapema, kabla jua halijawa kali, na vaa kofia. Ukiwa na muda, kijiji cha wafumaji cha Mỹ Nghiệp kipo jirani, na minara ya Po Klong Garai, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, haipo mbali na stesheni ya treni. Hiyo minara nusu saa inaitosha. Usiombe mafunzo ya kufinyanga ya dakika kumi. Omba kukaa.

Vyombo vya Bàu Trúc ni vyepesi kuvunjika kuliko vile vilivyochomwa tanurini, kwa hiyo nilivijaza nguo ndani, nikavifunga kwa kanga, na kuvibeba mkononi ndani ya ndege. Kisahani kimoja kilipata ufa njiani, vitano vikafika salama. Kabla sijaondoka mama alimwambia mkalimani anielekeze nivichemshie maji ya mchele kabla ya kuvitumia mara ya kwanza, ili vinyweleo vya udongo vizibe. Nilipofika Kyela nilifanya hivyo, ila kwa uji wa mahindi, kama bibi yangu anavyofanya kwa vyungu vya Ikombe. Vitumbua vya kwanza vilinata. Kuanzia mkupuo wa tatu vilianza kubanduka vyenyewe, vikiwa vimekauka vizuri chini na laini katikati, na tangu hapo kile kikaango cha chuma kimekaa kabatini.