TAHADHARI: Jamaa wa "gripu za bendera" kwenye magrupu yetu ya Marekani

Wadau, hasa mnaomiliki bastola kihalali huku Marekani, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wabongo na ya Wakenya akitangaza kwamba anaweka gripu ya rangi kwenye mpini wa bastola, ule uso wenye chenga usioteleza hata mkono ukitoka jasho, kwa rangi za bendera uitakayo. Kijani, njano, nyeusi na bluu kwa Watanzania; nyeusi, nyekundu na kijani kwa Wakenya. Picha anazotuma zinavutia kwelikweli. Anataka nusu ya hela mbele kwa Zelle (huduma ya kutumiana hela kutoka benki hadi benki), halafu umpelekee bastola yenyewe, au umtumie kama uko jimbo jingine. Kiswahili chake kitamu, kila sentensi "ndugu yangu", na ukisitasita anakuambia Mzungu atakutoza mara mbili.

Kazi yake moja nimeishika mkononi. Ni Glock ya shemeji yangu, mlinzi wa zamu ya usiku Houston. Aliniletea kwa sababu magazini, kile kiboksi cha risasi, ilikuwa haidondoki akibonyeza kitufe. Nikaikagua, chemba tupu, nikaanza kuitazama vizuri. Gundi ilikuwa imechuruzika hadi pembeni ya kitufe na kukauka humo humo. Kuzunguka kingo za gripu kulikuwa na ukungu mweupe, ule unaoachwa na supaglu ikikauka. Nilipokwangua kwa ukucha, chembe zikabaki kiganjani: duara, laini, kama mchanga wa rangi wa matangi ya samaki. Rangi ya kopo ilipulizwa juu kwa juu, na shati la shemeji upande anaobebea bastola lilikuwa limegeuka kijani kiunoni.

Tangazo lake linasema anatumia "silikoni kabaidi halisi nyekundu". Hapo ndipo nilipocheka. Silikoni kabaidi inayouzwa viwandani kwa kazi ya kusagia huwa nyeusi au kijani. Fundi wa kweli akitaka nyekundu anaichanganya rangi kwenye epoksi (gundi ngumu inayoshika chenga) au anapaka juu ya chenga, na atakuambia hivyo bila kuficha. Chembe za silikoni kabaidi pia zina kona kali, ukizipitisha kidole unazisikia. Tena kabla ya kugusa chochote atakuuliza bastola ni ya mashindano au ya kubeba kiunoni, maana chenga kali zinazokusaidia kwenye shabaha ndizo zitakazokuchuna ngozi na kumaliza mashati. Kisha anaukwaruza mpini kidogo kwa msasa, anaufuta mafuta yote kwa spiriti, anaziba vitufe kwa utepe, na anaiacha epoksi ikauke bila haraka. Huyu wetu anaahidi "ukisubiri hapo hapo".

Gripu mbovu ni hasara ndogo. Kilichonikasirisha ni kile kibati cha chuma chini ya fremu, mbele ya kikinga triga, chenye namba ya bastola. Kilikuwa kimepuliziwa rangi mpaka namba haisomeki. Sheria ya shirikisho inakataza kufuta, kuondoa au kubadilisha namba hiyo. Shemeji yangu hakufuta kitu, na rangi tumeitoa, lakini jaribuni kumweleza hayo askari aliyekusimamisha barabarani usiku.

Halafu kuna suala la leseni. Anayerekebisha, anayepaka rangi au anayenakshi bastola za watu kama biashara anahesabika kuwa fundi wa silaha, na anatakiwa kuwa na leseni ya shirikisho, ile FFL. Mtu akiomba kuona yake, jamaa anatuma picha upesi. Mimi niliiona. Namba ya FFL ina makundi sita yanayotengwa kwa vistari, na kundi la nne ndilo linalotaja aina. Yake imeandikwa 03. Hiyo ni leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale, haimruhusu mtu kufanya biashara. Fundi huwa na 01, na wanaotengeneza silaha huwa na 07. Na hata hiyo 03 sina uhakika kama ni yake, jina limezibwa kwa kidole gumba. Kabla hujampa mtu bastola yako nenda kwenye ukurasa wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, uitwao FFL eZ Check, uweke tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za leseni yake, uone jina na anwani inayotokea.

Kuhusu kutuma: fundi mwenye leseni unaruhusiwa kumtumia bastola hata akiwa jimbo jingine, naye anaweza kukurudishia moja kwa moja. Lakini ukimpelekea asiye na leseni anayeishi jimbo jingine, ujue sheria ya shirikisho ya silaha ya 1968 inakugusa na wewe uliyetuma, si yeye peke yake. Jamaa hilo halisemi.

Kama shida yako ni mkono kuteleza tu, kuna tepu zilizokatwa tayari kulingana na modeli ya bastola, za mpira au za chenga. Unaisafisha, unabandika, unaipasha kwa draya ya nywele ishike kona, na ukiichoka unaibandua. Bei yake ni sehemu ndogo ya anachodai huyu, na bastola haitoki nyumbani kwako.

Waliokwisha kutuma na hawajarudishiwa: ripotini polisi wa eneo lenu leo, mkiwa na namba ya bastola mkononi, maana ATF hawapokei taarifa za wizi kutoka kwa mtu binafsi. Hela ya Zelle mliyoituma wenyewe ni ngumu kuirudisha, lakini pigieni benki hata hivyo, na andikeni malalamiko IC3, kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni. Msifute meseji zake. Namba ya simu siiweki hapa, amekwisha kuibadilisha. Picha za kazi yake ninazo, na sauti zake pia; anayetaka kulinganisha na za kwake aje inboksi.