Nyumba moja, ukaguzi wa asbesto mara tatu: uzoefu wangu

Nianze na kosa langu. Kabla ya kukarabati nyumba nilitaka kujua kama ina asbesto, yaani zile nyuzi za madini zilizochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi, ambazo ni hatari ukizivuta. Mkaguzi wa kwanza nilimchukua kwa sababu alisema atamaliza ndani ya saa moja, na kweli alimaliza. Alizunguka nyumba mikono mfukoni, akatazama dari, akagonga paa la stoo kwa kalamu, akaniachia karatasi moja: paa linashukiwa kuwa nayo, dari inashukiwa, kwingine hakuna tatizo. Hakuchukua hata kipande cha kupeleka maabara. Mimi nikajua kazi imekwisha.

Aliyenizindua ni fundi wa sakafu. Mpango ulikuwa abandue vile vigae vyembamba vya plastiki vya sebuleni, inchi 9 kwa 9, kisha apige msasa sakafu yote kwa mashine. Akainua kimoja kilichokuwa kimelegea karibu na mlango, akakigeuza. Chini yake kulikuwa na gundi nyeusi kama lami. "Bosi, hii mimi siigusi mpaka ipimwe." Nikamwambia mkaguzi ameshapita. Akaniuliza, "Aliinua kigae?" Nikabaki kimya.

Nyumba ni ya miaka ya 1970. Wakati huo asbesto iliingia karibu kila mahali: mapaa, matangi, mifereji, silingibodi, vifuniko vya mabomba ya maji moto, vigae na gundi yake pia. Waliojenga si kwamba walikuwa wazembe. Haiungui, haiozi, na saruji iliyochanganywa nayo haipasuki ovyo. Asbesto ina aina kadhaa: Uingereza ilipiga marufuku ya bluu na ya kahawia mwaka 1985, lakini nyeupe, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi duniani, ikaendelea kuuzwa hadi 1999. Kwa hiyo umri wa nyumba unakupa shaka tu. Jicho nalo halisaidii sana, maana silingibodi mbili zinaweza kufanana kama pacha na moja tu ndiyo iwe nayo.

Mkaguzi wa pili, kabla hata ya kuuliza nyumba iko wapi, aliuliza: "Unataka kubomoa nini?" Akanieleza kwamba kuna ukaguzi wa mtu anayeishi tu ndani ya nyumba, na kuna wa mtu anayetaka kuvunja. Huu wa pili lazima ufungue kuta na kuinua sakafu, na vyumba viwe havina watu. Ndio nilioutaka bila kujua jina lake.

Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Alifunga madirisha, akazima feni, akatandika nailoni chini, akavaa ovaroli na barakoa, si ile ya kitambaa bali ile inayobana uso. Akapulizia maji yenye sabuni kidogo mpaka sehemu ikalowa chapachapa. Akakata kwa patasi kipande kama ukucha wa kidole gumba. Kikaingia kwenye kimfuko, kimfuko kikaingia kwenye kingine, namba ikaandikwa juu ya mfuko na ukutani. Akapangusa kwa kitambaa kibichi, akaziba tundu kwa tepu, akasafisha patasi, ndipo akaenda sehemu nyingine. Vipande 11, asubuhi nzima.

Majibu yalinigeuza kichwa. Dari niliyoiogopa miezi yote ilikuwa safi, ni nyuzi za karatasi na mbao tu. Paa la stoo, kama ilivyotarajiwa, lilikuwa na asbesto nyeupe. Vigae vya sebuleni vilikuwa nayo, na gundi yake pia. Yaani mahali pale pale nilipotaka kuweka mashine ya msasa.

Na hapo ndipo nilipoona thamani ya hela yangu, kwa sababu ripoti haikuniambia ng'oa kila kitu. Kigae kizima kilichoshika vizuri hakiachii nyuzi kirahisi. Hatari ni kukisaga, kukitoboa, kukivunja. Nyuzi zikiruka huzioni, zinaelea hewani kwa saa nyingi, na zikishaingia kwenye mapafu ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi inazidi kuzitawanya. Ushauri ukawa: funika sakafu juu kwa juu bila kubandua, na paa la stoo liache lilivyo, usilitoboe wala kulisugua kwa brashi ngumu. Sakafu nimefunika. Imepanda kidogo, milango miwili ikabidi ikatwe chini. Kile kigae cha fundi aliondoka nacho mkaguzi, ndani ya mifuko miwili.

Malalamiko yapo. Aliahidi majibu ndani ya siku 3, yakaja siku ya 9, na mafundi wamekaa. Ripoti ni kurasa 34, nyingi za maelezo ambayo angempa mteja yeyote; jedwali la vyumba, ambalo ndilo nililolihitaji, liko karibu na mwisho. Halafu bomba la nyuma ya bafu liliandikwa "ichukuliwe kuwa ipo mpaka ipimwe". Lawama ya hilo tunagawana. Sikumwambia kwamba nahamisha bafu, ila na yeye angeweza kunipigia simu kabla ya kuandika. Fundi bomba akasimama, mkaguzi akaitwa tena, nikalipa tena. Kumbe ilikuwa sufi ya kioo tu, nyuzi za kioo za kuzuia joto, si asbesto.

Huyu wa pili nampa nyota nne kati ya tano, na ile iliyokatwa ni ya zile siku 9. Wa kwanza nampa moja. Nilimwandikia nikidai hela yangu, akajibu kwa upole kabisa kwamba kuinua kigae hakukuwemo kwenye makubaliano yetu. Nikaitafuta ile karatasi, nikaisoma upya mpaka mstari mdogo wa chini. Kweli, hakukuwemo.