Saiba ya Kawangware inayokuachia paswadi yako

Saiba hii, duka la kompyuta na intaneti, iko Kawangware, Nairobi, upande wa Gatina. Ukishuka stage ya matatu za 46 ni mwendo mfupi tu. Ni chumba cha mabati, kompyuta nane na feni moja. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko barabara hiyohiyo, na nawapa nyota nne kati ya tano bila kusita.

Kilichonipeleka ni karatasi. Mwanangu alipomaliza kidato cha nne, kila kitu kilichofuata kilikuwa mtandaoni: kuchagua kozi kwa KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, kuomba ufadhili wa masomo, kutafuta PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi. Mimi nami nilitakiwa cheti cha tabia njema cha polisi, kwa kuwa shule fulani ilitaka niishonee sare. Na saiba nyingi nilizozipitia hapa Nairobi hufanya kazi kwa mtindo mmoja. Unakaa kwenye benchi, unatoa kitambulisho, kijana anabonyeza mambo yake, unalipa, unaondoka na karatasi. Baruapepe ameifungua yeye, paswadi ameitunga yeye, na wakati mwingine hata nambari ya simu aliyoandika ni yake. Juni 30 ikikaribia, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za KRA, zile taarifa za kodi za kila mwaka, inabidi urudi kwake umlipe tena. Akiwa amehama, umekwama. Jirani yangu anayeuza mboga alihangaika sana kutafuta kijana wa namna hiyo, na hadi leo akaunti ile hajaipata.

Hapa nilikalishwa mimi kwenye kiti, kijana akasimama kando. "Mama, andika wewe, mimi niko hapa." Nilipofika mahali pa paswadi aligeukia upande wa pili hadi nikamaliza. Ile nambari ya siri iliyoingia kwa simu yangu hakutaka hata kuiona. Ada ya cheti, shilingi 1,050, nililipa mwenyewe kwa simu kupitia paybill 222222, nambari ya kulipia huduma za serikali, kwa hivyo nilijua wazi pesa ya serikali ni ipi na ya saiba ni ipi. Ya saiba ni shilingi moja kwa dakika, na kuprinti ni kumi kwa ukurasa. Fomu ya alama za vidole, ile C24, walinitolea pande mbili za karatasi moja, wakanieleza niipeleke Huduma Centre. Tena dakika anazotumia kukueleza hazihesabiwi. Anasimamisha saa, mkimaliza anaiwasha. Sijaona kwingine.

Wana Wi-Fi ya vocha pia: shilingi kumi kwa saa mbili, thelathini kwa siku nzima, na inafika hadi kwenye kibanda changu. Mchana napakua video za kukata mitindo na kuwatumia wateja picha za magauni bila kuhesabu bando. Jioni inalegea. Laini yao ni moja ya faiba, inagawiwa watu wote waliokata vocha; ndiyo maana bei iko chini, na ndiyo maana mechi ikianza video inasimama. Mimi sijali sana. Wa umri wangu tunakumbuka saiba za mjini kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikitoka kwa setilaiti, ukurasa mmoja ukijivuta huku dakika zako zikiisha. Leo kasi ipo. Kinachotushinda mtaani ni bei, na kutojua.

Na hapo kwa kutojua ndipo nawapenda zaidi. Jumanne na Alhamisi jioni wana darasa, shilingi 1,500 kwa mwezi, unalipa kidogo kidogo. Nilikaa na waendesha boda, akina mama wa mboga na mlinzi mmoja aliyekuja akiwa tayari na sare ya zamu ya usiku. Tulianzia kwenye kushika mausi, hakuna aliyechekwa. Tukafundishwa baruapepe, kuandika barua ya kazi, kutambua ujumbe wa matapeli na viungo bandia. Somo la laha, yale majedwali ya kompyuta, ndilo lililobadilisha kazi yangu: bega, kifua, kiuno, urefu, amana aliyotoa mteja na siku ya kuchukua nguo, vyote sasa viko mahali pamoja, na sigombani tena na mtu kuhusu amana.

Vijana wana mafunzo ya Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza 2016, na ni mazuri kwa anayetafuta kazi za mtandaoni. Serikali pia imeahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma nchini, nami naomba vifike kila soko. Lakini mtu ambaye hajawahi kugusa kibodi anahitaji mwenzake wa kusimama kando yake, na huyo nimempata hapa.

Nyota moja naizuia kwa sababu tatu. Stima ikipotea hawana pa kuegemea, na nimeona dada mmoja akipoteza ombi alilokuwa amejaza nusu. Kizingiti cha mlango ni kirefu, kiti cha magurudumu hakipiti. Na darasa huisha saa tatu usiku, ambapo mwanamke wa kutembea peke yake hadi Kongo, hapahapa Kawangware, hana raha njiani. Nimewaomba waweke darasa la Jumamosi asubuhi, wakasema watalifikiria. Wengine mkienda, waombeni pia.

Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili ni baada ya kanisa. Beba kitambulisho, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na daftari. Mwisho wa Juni usiende mchana, foleni hufika barabarani.